Kuanza Watano, Kuendelea Hata Wawili

Nilinusa rangi ya mafuta kabla sijasoma kilichoandikwa. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, uani kwa marehemu, umeletwa kutoka Masasi asubuhi ile ile nyuma ya pikapu, na rangi yake ya buluu ilikuwa bado inanata. Nikainama kusoma. TABU, ulisema, kwa herufi kubwa zilizopigwa rula. Hasira ikanipanda pale pale, nikaushika ukuta kwa mikono miwili, na wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakadhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo. Lakini najijua, na ile ilikuwa hasira, tena si ya siku ile.

Wa rika langu mtanielewa nikisema harufu inaweza kumrudisha mtu shuleni kwa nguvu. Kwangu mimi rangi ya mafuta ni harufu ya jezi. Shule yetu huko Makote haikuwa na jezi za mpira wa kikapu, haikuwa na uwanja, na kabla ya Mwalimu Eliasi kuja haikuwa hata na mpira wenyewe. Yeye alitoka Bara na begi moja na mpira mmoja. Akasimamisha nguzo mbili za mkorosho, akapigilia ubao, kisha akaenda kanisani kuomba rangi iliyobaki walipopaka madirisha. Kwa rangi hiyo alituandikia namba kwenye fulana nyeupe. Ilikauka ikawa ngumu, ukikimbia inakukwaruza mgongo, ukitoka jasho inanuka upya. Namba zilianzia nne. Nilijiuliza sana moja, mbili na tatu wako wapi, na kwa kuwa sikuthubutu kumuuliza mwalimu nikajijibu mwenyewe kwamba ni wasichana watatu waliotolewa mchezoni zamani na hawajarudi. Nikawa nawaonea huruma.

Tulianza kumi. Kiangazi kilipokaza, kisima cha maji ya mvua cha shule kikabaki tope, na kina mama wakawa wanawahitaji mabinti zao kwenye foleni ya maji kuliko sisi tulivyowahitaji uwanjani. Mmoja mmoja wakaacha. Tukabaki watano: mimi; Asnati, mrefu, mwenye mdomo; mapacha Hadija na Salima, ambao mwalimu mwenyewe aliwatofautisha kwa namba tu; na Tabu, namba saba, aliyekuwa anatuzidi wote kwa mbali.

Huyo Tabu ndiye rafiki yangu. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Baba akamtazama mtoto, akampa jina hilo, akaondoka kwenda Masasi kutengeneza baiskeli, na hakurudi tena kumwangalia. Alimwachia bibi mzaa mama mtoto na jina. Fikirieni mtoto anayeitwa kila asubuhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikiwa mdogo sikulifikiria. Nililiona ni jina tu, kama langu.

Timu ambayo ingeshinda pale Newala ingekwenda kucheza Masasi. Sisi wengine tulitaka kupanda gari na kula wali wa hotelini. Tabu alitaka kitu kimoja, na aliniambia tukiwa tumekaa chini ya ubao wetu. "Nikifika Masasi namtafuta. Sitaki kitu chake. Nataka anione tu, basi."

Mwalimu Eliasi alipenda kanuni kama wengine wanavyopenda pombe. Siku moja alichora uwanja kwenye mchanga, akapanga korosho zilizobanguliwa, tano huku na tano kule. "Kuanza, watano," akasema. "Mkiwa wanne, mwamuzi anasubiri robo saa, halafu filimbi, mmeshindwa ishirini kwa sifuri kabla hamjagusa mpira." Akaanza kuondoa korosho za upande wetu. "Huyu kapata faulo tano, nje, harudi. Huyu kateguka mguu, nje. Huyu naye nje." Zikabaki mbili. "Mnaendelea?"

"Hapana, mwalimu," tukasema.

"Mnaendelea! Kuanza watano, kuendelea hata wawili. Akibaki mmoja ndiyo mwisho." Alipotaka kuzirudisha zile tatu, Asnati alikuwa ameshazila.

Kisha akatueleza habari ya wachezaji wa akiba. Kwenye mpira wa miguu tuliozoea kuona, ukitoka umetoka. Hapa, akasema, anayepumzishwa anarudi, anatoka tena, anarudi tena, ilimradi mchezo umesimama na mwamuzi ameruhusu. Tabu akanyoosha mkono. "Hata akikaa nje mwezi mzima?" Tukacheka, maana tulijua anaulizia nini. Likizo ilikuwa imekaribia na bibi yake alishaanza kuloweka mtama wa pombe ya unyago. Mwalimu, mgeni wa watu, hakujua tunachocheka. "Hata mwaka," akajibu.

Basi mimi nikaamini kwamba unyago ni kubadilishwa tu. Tabu anakwenda kupumzika huko walikomfungia, mchezo umesimama, siku ikifika anaingia tena na namba yake. Nilipochoka kungoja nikaenda kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi. Tabu anarudi lini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tabu hayupo. Huyo harudi tena. Atakuja mwingine."

Nilikimbia hadi nyumbani nikilia kwamba Tabu kafa. Mama alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, akacheka mpaka akakaa chini, na hakunieleza kitu kwa sababu zamu yangu ya kuelezwa haikuwa imefika. Usiku nikaisuka upya ile habari. Kama atakuja mwingine, basi bibi ametuletea mchezaji wa akiba. Nikaomba Mungu awe mrefu.

Siku wali walipotolewa unyagoni nilimwona katikati ya wanawake, kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta, kanga mpya, macho chini. Alikuwa ni yeye! Nikapaza sauti, "Tabu!" Ngoma ikakatika. Kwetu, mtu aliyetoka unyagoni humwiti jina la utotoni. Ni tusi, na tusi lina faini. Mama yangu alitoa kuku, tena yule mtagaji, na njia nzima ya kurudi alinifinya sikio. Kabla hatujaondoka, bibi aliniinamia akanipangusa machozi na pindo la kanga yake. "Anaitwa Rehema," akasema. "Lile lingine tumelizika."

Sitasahau alivyolipenda. Jioni ya kwanza aliporuhusiwa kutoka tulikwenda kwenye ubao wetu, akadunda mpira taratibu, akasema, "Niite." Nikamwita. "Tena." Nikamwita tena, naye anadunda, mpaka nikachoka. Alisema anataka kufika Masasi nalo hilo. Amsimamie baba yake pale penye spoku na matairi, amwambie, mimi ni Rehema, halafu ageuke aondoke. Alikuwa ameipanga safari hiyo kichwani mpaka mahali pa kugeukia.

Orodha ya wachezaji ilikuwa imepelekwa Newala kabla ya likizo, na jina la zamani. Mwalimu Eliasi akasema hilo ni jambo dogo, ataeleza mwenyewe akifika. Bibi naye akakubali mwali wake acheze, ila wanawake wawili waliokuwa naye unyagoni wamsindikize, na jina lile lisitajwe na mtu yeyote. Yote yalikuwa yamepangwa na watu wenye akili timamu.

Uwanja wa wenyeji wetu kule Newala ulikuwa pembezoni mwa mji, pale ambapo uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaanza, na upepo wa huko ulikuwa unapeperusha fulana zetu. Wenzetu walivaa jezi za kununua na walikuwa na benchi zima la akiba. Mwamuzi aliyetarajiwa hakutokea, basi mwalimu mmoja wa shule ile ile ya wenyeji akachukua filimbi. Jina lake silitaji, sitaki kulitia mdomoni. Lakini alikuwa mtu wa hapa hapa uwandani, Chimakonde chake kilikuwa kama cha bibi zetu. Tulipita mmoja mmoja kumwamkia. Rehema alipopiga goti na kusema shikamoo, yeye akamtazama kichwa kile kilichonyolewa, akatazama wale wanawake wawili nyuma yake, akatabasamu. "Marahaba. Hongera, mwali."

Hilo lishikeni, kwa sababu mimi nimelishika maisha yangu yote. Alijua. Alimpa hongera kwa mdomo wake.

Akakaa mezani, akaanza kuita. Ukisikia namba na jina, unanyoosha mkono, unasema nipo. Mimi nikasema nipo. Asnati akasema nipo. Mapacha wakachanganya, Hadija akaitikia jina la Salima na Salima la Hadija, wakacheka wenyewe, naye akaweka tiki bila kujali. Kisha akafika saba. Mwalimu Eliasi akainuka haraka kutaka kumnong'oneza, mwamuzi akamzuia kwa kiganja.

"Namba saba. Tabu."

Wale wanawake wawili wakashika vifua. Rehema alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka mezani, saba ya buluu mgongoni, mpira mikononi.

"Tabu!" akaita tena, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Yupo!" nikapiga kelele mimi. "Mwalimu, yupo, huyu hapa!"

"Mtoto, sijakuuliza wewe." Akamgeukia Rehema, na sauti yake ikawa laini, laini ya kutia kichefuchefu. "Mwanangu, wewe ndiye Tabu?"

Sasa mtu aniambie mtoto yule angefanya nini. Wanawake waliomtoa unyagoni wako nyuma yake. Wasichana wote wa pale wanamtazama, na nusu yao wametoka huko huko, wanajua kila kitu. Akiitika, amelifukua lile jina mwenyewe mbele za watu, na litamfuata mpaka uzeeni. Mwalimu Eliasi, ambaye nilimpenda, na hili nalo sijamsamehe, aliinama sikioni mwake lakini sote tukamsikia. "Itika tu. Ni neno moja. Masasi hiyo hapo."

Masasi hiyo hapo. Rehema akauweka mpira chini, polepole, akaunyamazisha kwa mguu ili usiondoke na upepo. "Tabu hayupo," akasema. "Mimi naitwa Rehema."

Mwamuzi akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kula. "Mwalimu, umesikia mwenyewe. Tabu hayupo, na Rehema simuoni hapa kwenye orodha. Mna wanne. Nitawapa robo saa, kanuni ni kanuni."

Robo saa ile tulisimama uwanjani. Mwalimu Eliasi alibishana mpaka jasho likamtoka, akasema sura ni ile ile, namba ni ile ile, waulizeni watoto wote hawa. Watu wazima walikuwa wamejaa pale, walimu, wazee wa kamati, wazazi waliozaliwa na kutolewa jandoni kwenye uwanda huu huu, na kila mmoja wao ana jina la utotoni ambalo ukimwita nalo atakurukia. Wakatazama viatu vyao. Hapakuwa na hata mmoja wa kusema, acha ujinga, mtoto huyu hapa. Kisha filimbi. Ishirini kwa sifuri. Wenyeji wetu wakashangilia bila kutoa jasho, na wao ndio waliokwenda Masasi.

Njia ya kurudi tulikaa nyuma ya lori la magunia mpaka Asnati aliposhindwa kuvumilia. "Ungeitika tu! Neno moja tu!" Rehema alitazama vumbi. Asnati akaapa hatamsemesha, na kwa miaka mingi kweli hakumsemesha, hata walipokutana kanisani.

Mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, niliichukia kanuni. Nilidhani zile korosho tano ndizo zilizommeza rafiki yangu, kwamba mahali fulani kuna kitabu kinachosema msichana akitoka unyagoni hesabu yake imefutwa. Nilikwenda nikaubandua ubao wetu kwa jiwe. Nilipokuwa mtu mzima nikakisoma kitabu chenyewe, chote, kwa hasira. Kimeeleza nani anaingia, nani anatoka, wangapi waanze na wangapi wabaki. Hakuna mahali panaposema mtu aliyevaa jezi, amesimama mbele ya meza, ameshika mpira, hayupo. Hilo halikuwa la kanuni. Lilikuwa la yule mtu, aliyeijua mila yetu vizuri kiasi cha kumkaba mtoto nayo.

Baba yake hakumwona kamwe. Alikufa kabla Rehema hajapata nauli yake mwenyewe ya kwenda kusimama pale penye matairi. Rehema alibaki Makote, akalima, akaolewa na mtu mwema, akazaa, akawa Mama Baraka. Lakini shuleni waligoma kumbadilishia jina, na cheti kikatoka na jina lile, na kila karatasi iliyofuata ikanakili ile ya kwanza. Kila nilipotoka Tandahimba, ninakoishi, nilikuwa nafikia kwake. Mara moja tu niliwahi kumuuliza kama anajuta. Alikuwa anatwanga. Hakuusimamisha mchi. "Nyie mlipoteza mchezo," akasema. "Mimi ningepoteza mtu."

Sasa amekufa, homa ya siku chache, na mimi nimesimama uani kwake nanusa rangi, na ndugu wa baba yake, ambao hawakumletea hata kipande cha sabuni akiwa hai, wamekuja na pikapu kutoka Masasi na msalaba wenye jina alilotupiwa na baba.

Nilimtafuta mwenye msalaba. Alikuwa baba yake mdogo, mzee nadhifu, fimbo mkononi. Nikampigia goti, maana nimelelewa. "Shikamoo baba. Jina la msalabani mmekosea. Marehemu alikuwa anaitwa Rehema."

"Marahaba, mama. Hatujakosea. Nyaraka zote ni Tabu. Ndivyo kaka alivyomwita."

"Kaka yako alimwita akaondoka. Sisi tuliobaki tulimwita Rehema."

"Mama, sisi tumefuata kilichoandikwa." Akafungua mikono, mpole kabisa. "Taratibu ni taratibu."

Nadhani angesema jingine lolote ningenyamaza. Katekista alikuja mbio akinishika mkono. "Mama Neema, tafadhali, tuheshimu msiba." Hata karatasi yake ya historia ya marehemu ilianza na jina hilo hilo, niliiona ikining'inia mkononi mwake. Nikamwambia, kwa sauti ambayo wajukuu wangu wataisimulia, kwamba mwenye jina hilo hayupo hapa, alizikwa zamani tukiwa watoto, na kama wanataka kumzika Tabu wakachimbe kaburi jingine. Wanaume wakatazama viatu vyao. Niliwatazama wakitazama viatu, na nikajiona nimesimama peke yangu. Nikakumbuka: akibaki mmoja ndiyo mwisho.

Ndipo mtu akaniambia pembeni, "Shika hapa." Alikuwa Asnati, mnene sasa, nywele nyeupe kwenye paji, chupa ya mafuta ya taa ya jikoni mkononi. Sikujua hata kama angekuja. Alilowesha pindo la kanga yake, akapiga goti mbele ya msalaba, akaanza kufuta, anasugua huku machozi yanamtoka na anatukana kwa Chimakonde chini chini, na sikujua anamtukana nani, mimi, mwamuzi, au yeye mwenyewe. T ikaondoka. Kutoka upande wa wapishi wakaja wawili wanaofanana, mmoja amebeba mkaa. Baba mdogo akainua fimbo, akaishusha.

Tulikuwa wanne. Wanne hawatoshi kuanza, hilo nalijua kuliko mtu yeyote pale. Lakini sisi hatukuwa tunaanza.

Salima, au Hadija, aliandika REHEMA kwa mkaa juu ya doa la buluu, herufi zimepinda. Katekista akatutazama, akatazama karatasi yake, akatoa kalamu mfukoni, akakata, akaandika juu yake. Akakohoa. Akaanza kusoma.

"Marehemu Rehema..."

Asnati, bado amepiga magoti, kanga imelowa mafuta, akanyoosha mkono juu kama kule mezani.

"Yupo," akasema.